Kabla Hujachomoa Valvu ya Priampu

Mwenye priampu ya valvu hachelewi kuambiwa kwamba valvu zake ni za kawaida mno, na kwamba akitafuta za chapa fulani, au za namba inayokaribiana na zake, sauti itafunguka. Akiuliza kama zitaingiliana, anajibiwa: "Pini ni zile zile, jaribu usikie." Ushauri huo umewagharimu watu. Valvu inaweza kukaa vizuri kwenye soketi, ikawaka, ikatoa muziki, na bado ikawa imevuruga saketi: besi za santuri zimepungua, transfoma inachemka, au valvu yenyewe inaelekea kufa mapema. Pini kufanana si ruhusa ya kubadilisha. Cha kuuliza kwanza ni hiki: saketi imeipa valvu kazi gani kwenye soketi ile?

Nitazungumzia zaidi 12AX7, kwa sababu ndiyo utakayoikuta kwenye priampu nyingi, za zamani na za sasa. RCA ya Marekani iliitoa mwaka 1947, na Ulaya wakaipa jina la ECC83. Ndani ya chupa moja kuna trayodi mbili, kila moja na anodi yake, gridi yake na kathodi yake. Hita ina pini tatu: ya 4 na ya 5 ni ncha, ya 9 ni katikati. Ukipitisha umeme kutoka 4 hadi 5, hita inataka volti 12.6 na inakula miliampea 150. Ukiziunganisha 4 na 5 pamoja na kutumia 9 kama upande wa pili, inataka volti 6.3 na miliampea 300. Ndiyo maana Wamarekani waliipa jina linaloanza na 12, na Waulaya wakaipa E, herufi wanayoitumia kwa hita ya volti 6.3. Ukiona 7025, CV4004 au E83CC, hiyo ni 12AX7 ile ile kwa vipimo vyake, ila imetengenezwa au kuchaguliwa kwa uangalifu zaidi. Hizo unaweza kubadilishana bila wasiwasi.

Wasiwasi unaanza kwa ndugu zake wa karibu. 12AT7, 12AU7, 12AY7 na 5751 zote zina mpangilio huo huo wa pini, na zote zitaingia. Tofauti yao ya kwanza ni uwezo wa kukuza: 12AX7 ni 100, 5751 ni 70, 12AT7 ni 60, 12AY7 ni kama 44, na 12AU7 haifiki 20. Wengi huishia kwenye tarakimu hizo, wakidhani wanachagua kiasi cha sauti tu. Lakini kila valvu ina pia ukinzani wake wa ndani na mkondo unaoifaa. 12AX7 ni valvu ya mkondo mdogo, miliampea 1 hivi, na ukinzani wake wa ndani ni kama omu 62,000. 12AU7 ilikusudiwa kufanya kazi kwenye miliampea 10, na ukinzani wake ni kama omu 7,700. Moja ni ya kukuza sauti ndogo bila kubeba mzigo; nyingine ni ya kubeba mzigo bila kukuza sana.

Chukua hatua ya kawaida ya 12AX7, yenye risista ya omu 100,000 kwenye anodi. Hatua hiyo inakuza kama mara 60. Weka 5751 mahali hapo na utapata kama mara 44, yaani desibeli 3 pungufu. Utaona unapandisha kitasa cha sauti kidogo, basi. Weka 12AU7 na utapata kama mara 14. Umepoteza zaidi ya desibeli 12, na juu ya hayo valvu yenyewe haipati mkondo iliotengenezewa, kwa hiyo inafanya kazi pale ambapo mstari wake umepinda na sauti inachafuka. Ukifanya kinyume chake, ukaiweka 12AX7 kwenye soketi ya 12AU7, sauti itapanda ghafla lakini nguvu ya kusukuma itapungua: ukiunganisha priampu hiyo na ampu ya transista yenye ukinzani wa omu 10,000 kwenye ingizo, sauti itadhoofika na besi zitakonda. Tena anodi ya 12AX7 inavumilia wati 1, ya 12AU7 inavumilia wati 2.75, kwa hiyo usidhani kwamba mahali palipopangwa kwa valvu ya mkondo mkubwa patakuwa salama kwa ile ya mkondo mdogo.

Kwa hiyo, mtu anayetaka kujaribu kitu tofauti kwenye soketi ya 12AX7 namshauri aanze na 5751 na aishie hapo. Aangalie jambo moja tu: hita ya 5751 inakula miliampea 350 kwenye volti 6.3, badala ya 300. Hita zikiwa zimeunganishwa sambamba, transfoma nzima haitatishika kwa tofauti hiyo. Zikiwa kwa mfululizo, mbili mbili, usiweke 5751 moja na 12AX7 moja kwenye mnyororo mmoja, kwa sababu volti hazitagawanyika sawa; 12AX7 itapata zaidi ya haki yake na mwenzake pungufu. Badilisha zote mbili au usiguse.

Mfano mzuri wa mambo haya ni Dynaco PAS-3, priampu ya miaka ya 1960 kutoka Philadelphia, iliyouzwa ikiwa imekamilika au kwa vipande ili mteja ajiunganishie mwenyewe. Ziliuzwa nyingi sana, na mpaka leo zinazunguka. Ndani yake kuna 12AX7 nne na valvu moja ya 12X4 ya kunyoosha umeme. Kila chaneli ina 12AX7 moja ya santuri na nyingine ya hatua ya mwisho. Wamiliki wengi wanatamani kuweka 12AU7 pale mbele kwa imani kwamba itakuwa tulivu zaidi, maana inakuza kidogo. Hesabu inakataa, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua.

Santuri hukatwa besi zikiwa zimepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA iliyoanza kutumika mwaka 1954. Kazi ya hatua ya santuri ni kurudisha mizani. Kwenye herzi 1,000 inatakiwa ikuze kama mara 100. Kwenye herzi 20 inatakiwa ikuze karibu mara 900. Katika PAS-3, na priampu nyingine nyingi, mizani hiyo inafanywa kwa mrejesho: sehemu ya sauti ya kutokea inarudishwa nyuma kwenye trayodi ya kwanza na kuzuia ukuzaji kadiri inavyotakiwa. Mrejesho unaweza kupunguza tu. Hauwezi kuongeza kile ambacho valvu hazina. Trayodi mbili za 12AX7, moja baada ya nyingine, kwa hesabu ya karatasini zinakuza 60 mara 60, yaani 3,600. Hata ukitoa upotevu wa njiani, bado kuna akiba juu ya ile 900 inayodaiwa na besi. Trayodi mbili za 12AU7 ni 14 mara 14, haifiki 200. Katikati utaona sawa, kwa sababu 100 inapatikana. Chini kwenye gitaa la besi na ngoma hakuna kitu cha kurudisha, na besi zinaanguka. Msikilizaji ataeleza anachosikia kwa kusema sauti imekuwa "safi" au "nyepesi", naye anasema kweli ya masikio yake, ila hajui kwamba robo ya muziki imebaki ndani ya santuri.

5751 hapo inapata 44 mara 44, zaidi ya 1,900. Akiba imepungua lakini ipo.

Kuna priampu nyingine ambazo hazitumii mrejesho kwa santuri. Mizani inafanywa na risista na kapasita zilizokaa katikati ya hatua mbili. Hizo nazo zina mtego wake, kwa kuwa aliyezibuni alihesabu ukinzani wa ndani wa valvu kama sehemu ya mizani. Ukibadilisha aina ya valvu, unasogeza hesabu yote.

Na bado kuna jambo dogo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Kati ya anodi na gridi ya 12AX7 kuna ukapasita wa asili wa pikofaradi 1.6 hivi. Ni mdogo mno, lakini ukuzaji unauzidisha: ukikuza mara 60, kichwa cha sindano kinauona kama pikofaradi 100 hivi. Vichwa vya sumaku inayocheza vina kiasi cha ukapasita vinachokipenda. Ortofon 2M Red, kwa mfano, inaandikiwa pikofaradi 150 hadi 300, ikihesabiwa pamoja na waya. Weka 5751 na ile 100 inashuka karibu na 65. Sauti nyembamba za juu zinaweza kubadilika kwa sababu hiyo peke yake, na mwenye nyumba akaiandika kama tabia ya chapa aliyonunua. Kabla hujalipia valvu ya bei kubwa ili kupata mng'ao fulani, jaribu waya mfupi zaidi au mrefu kidogo kati ya mashine ya santuri na priampu.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Ipo familia nyingine ya pini tisa inayofanana kwa umbo na hii lakini si ya ukoo huo: 6DJ8, inayoitwa ECC88 Ulaya. Hita yake iko kwenye pini 4 na 5 kwa volti 6.3, na pini ya 9 si hita, ni kinga iliyoko kati ya trayodi mbili. Ukiichomeka kwenye soketi ya 12AX7 iliyopangwa kwa volti 12.6, hita inapata mara mbili ya inachostahili na inaungua. Ikiwa soketi imepangwa kwa volti 6.3, pini 4 na 5 zimefungwa pamoja, kwa hiyo hita haipati kitu na valvu inabaki baridi. Hata ikiwaka, anodi yake inaruhusiwa volti 130 tu, na saketi za 12AX7 mara nyingi zinaipa zaidi ya hapo. 6N2P ya Urusi inadanganya watu zaidi, maana inakuza mara 100 kama 12AX7. Lakini hita yake imekaa kama ya 6DJ8. Usiiweke bila fundi kubadilisha waya za soketi.

Wenye priampu za 6DJ8 nao wana mtego wao. 6922, au E88CC, ni badala halali na hita yake inakula hata kidogo kuliko ya ile inayotolewa: miliampea 300 badala ya 365. 6N1P ya Urusi inasifiwa kama badala ya bei nafuu, lakini hita yake inataka miliampea 600. Zidisha kwa idadi ya valvu zako, kisha uulize kama transfoma ilinunuliwa kwa mzigo huo. Ikiwa transfoma iligusika kwa mkono kabla ya badiliko na haigusiki baada yake, umepata jibu. Zirudishe za zamani siku hiyo hiyo.

Umeme wetu nao una sehemu yake. Hita huvumilia kupanda au kushuka kwa asilimia 10, na valvu inayopashwa moto kupita kiasi huishi muda mfupi. Priampu ya Marekani imetengenezwa kwa volti 117 au 120 na herzi 60. Ukiitumia Dar es Salaam au Mombasa kupitia transfoma ya kushusha umeme, pima kinachotoka kwenye transfoma hiyo usiku wa manane, umeme unapopanda, si mchana tu. Kumbuka pia kwamba umeme wetu ni wa herzi 50, na transfoma ya ndani iliyobuniwa kwa 60 itachemka zaidi hata bila wewe kubadilisha chochote. Ni sababu nyingine ya kutoiongezea mzigo wa hita.

Kuhusu usalama sitapunguza maneno. Ndani ya priampu ya valvu kuna volti 250 hadi 350 za umeme mnyoofu, na kapasita hubaki na chaji baada ya kuzima na kuchomoa plagi. Kama valvu zinafikiwa kutoka nje, zima, chomoa plagi, subiri zipoe, zima na ampu ili spika zisipigwe mshindo, ndipo uvute. Kama ni lazima ufungue kifuniko, pima kapasita kwa mita kabla mkono haujaingia, na kama hujui pa kupima, mpe fundi. Waliotengeneza redio za valvu enzi hizo bado wapo, na kazi hii ni yao. Valvu ivutwe wima, ukiitikisa kidogo kidogo tu; kuipinda kunapasua kioo pale pini zinapotokea, hewa inaingia, na lile doa la fedha juu ya chupa linageuka jeupe kama maziwa. Valvu yenye doa jeupe imekufa, hata kama ni mpya na boksi lake halijafunguliwa.

Kabla ya kununua lolote, zungusha ulizonazo. Huu ndio ushauri ninaouthamini kuliko mwingine wote hapa, na hauna gharama. Valvu mbili za aina moja, hata za boksi moja, hazilingani kwa utulivu. Mahali panapodai utulivu ni hatua ya kwanza ya santuri, kwa kuwa kelele yoyote ya hapo inakuzwa na zote zinazofuata. Washa priampu, acha ipate moto kwa nusu saa, pandisha sauti bila muziki, kisha gonga kila valvu kwa upole kwa upande wa penseli wenye kifutio. Inayolia kama kengele kwenye spika inahisi mitikisiko. Ipeleke hatua ya mwisho, ambako haitasikika. Iliyo kimya ilete mbele. Ukisikia mkwaruzo au mvumo upande mmoja, zima, badilishana valvu ya kushoto na ya kulia, uwashe tena. Kelele ikihama na valvu, valvu ndiyo mgonjwa. Ikibaki pale pale, tatizo ni soketi, risista au waya, na hakuna chapa ya valvu itakayoliponya. Watu wa pwani waanzie kwenye soketi: hewa ya chumvi hula pini na vishikio. Pamba yenye spiriti ya isopropili na uvumilivu kidogo huondoa mikwaruzo mingi. Usitumie msasa.

Ukishaamua kununua, linganisha kwa haki. Sikio huona sauti iliyo juu kidogo kuwa ndiyo bora, na valvu mbili mara chache hukuza sawasawa. Cheza mlio wa herzi 300 kutoka kwenye simu au kompyuta kupitia priampu, pima volti kwenye spika kwa mita ya kawaida, ambayo kwenye herzi hizo husoma vizuri, andika, badilisha valvu, kisha rekebisha kitasa cha sauti mpaka mita isome vile vile. Tofauti ya asilimia 1 kwenye volti haisikiki. Ya asilimia 10 inasikika, na utaiita ubora. Baada ya hapo ndipo ukae usikilize nyimbo unazozijua kwa moyo.

Kama kila chaneli ina valvu yake, kuna njia bora zaidi. Tafuta santuri ya mono; nyimbo nyingi za dansi na taarabu za miaka ya 1960 zilitoka hivyo. Weka valvu mpya upande mmoja tu, acha ya zamani upande wa pili, sawazisha sauti, kisha hama kutoka spika moja hadi nyingine kwa kitasa cha mizani. Halafu badilishana valvu hizo, kushoto kwenda kulia, usikilize tena. Tofauti isipohama na valvu, basi ulikuwa unasikia spika, chumba au kichwa cha sindano. Mpe mtu mwingine azibadilishe bila kukuambia, kama unataka kuwa na hakika.

Je, chapa zina maana? Zina, lakini chini ya bei zinazotajwa. Telefunken za Ujerumani, zenye umbo la almasi lililochongwa kwenye kioo chini kati ya pini, na Mullard za Blackburn, Uingereza, zilitengenezwa kwa ustadi na utulivu wake ni wa kweli. Ila maandishi ya juu yanafutika na kuandikwa upya, na soko la valvu za zamani lina bandia nyingi. Jina nalo si ushahidi: Mullard, Tung-Sol na Gold Lion zinazouzwa mpya leo zinatoka kiwanda cha Saratov, Urusi, kinachomilikiwa na New Sensor ya Marekani, ambacho ndicho kinachotoa Sovtek na Electro-Harmonix. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa usafirishaji kutoka huko, wengi waligundua kwamba chapa tano walizokuwa wakishindanisha zina mlango mmoja wa kiwandani. JJ za Slovakia ndizo mbadala wa kawaida. Kwa hatua ya kwanza ya santuri, lipia upimaji, si jina: nunua kwa muuzaji anayechagua valvu zenye kelele ndogo na zisizohisi mitikisiko, na anayekubali kurudishiwa. Kwa soketi nyingine zote, 12AX7 mpya ya kawaida inatosha.

Valvu mpya ipe siku kadhaa za kusikiliza kabla ya kuihukumu, kwa sababu kelele za mwanzo mara nyingi hutulia. Uliyoitoa, kama bado ni nzima, usiitupe. Ifunge kwa karatasi laini, iweke kwenye boksi, na uandike juu ya boksi kwa penseli soketi ilikotoka, chaneli, na tarehe. Usiandike kwenye kioo wala kukisugua. Maandishi ya kiwandani kwenye valvu za zamani hutoka kwa kidole, na siku ukitaka kuiuza au kuirudisha mahali pake, hayo ndiyo yatakayokuambia ni valvu gani.